Mapaja yaliisha nikishuka Uluguru, na mbio zimebaki wiki kumi

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Mbezi Beach, Dar es Salaam. Nakimbia na kikundi chetu cha watu saba, huu mwaka wa nne. Nusu marathoni yangu nzuri kabisa niliikimbia Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon, saa 1 na dakika 58. Mwezi uliopita tulipanda treni mpaka Morogoro, tukapanda Morningside, kule kwenye milima ya Uluguru. Kupanda nilihema sana lakini nilifika. Kushuka tukashuka mbio huku tukicheka, na kwa siku nne zilizofuata nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nimeshika ukuta. Sasa tumejiandikisha kwenye mbio za mlimani za kilomita 30, jumla ya kupanda mita 1,500, na zimebaki wiki kumi. Dar hakuna milima. Halafu kikundi kimeanza kununiana: wawili wana kasi, wanatuacha njiani, na mmoja wao kasema anayetaka matokeo afanye mazoezi peke yake. Ni kweli? Viatu vyangu vya lami vitafaa? Na mume wangu anataka kuja kutushangilia, ila yeye hakimbii kabisa.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hizo siku nne za kushuka ngazi kinyumenyume zimeniambia mengi kuliko muda wako wa Moshi. Pumzi unayo. Aliyemaliza nusu ya Moshi chini ya saa mbili, na njia yenyewe ile haina huruma ya tambarare, ana moyo na mapafu ya kutosha kumaliza mbio zenu. Unachokosa ni mapaja yaliyozoea kushuka, na bahati nzuri hicho hufundishika upesi kuliko vyote. Kwa hiyo naomba uniruhusu nianzie huko, ingawa najua ulitarajia nianze na kupanda, kama kila anayeniuliza.

Umewahi kuteka maji kisimani kwa kamba? Kuvuta ndoo iliyojaa kunachosha mabega, lakini viganja haviumii sana. Sasa jaribu kuishusha hiyo ndoo iliyojaa polepole: kamba inakwenda chini huku wewe umeibana isitoroke, na hapo ndipo viganja vinapochubuka. Msuli wa paja ukipanda mlima unavuta ndoo. Ukishuka, unaishusha. Kila mguu unapotua, goti linakunja kidogo, na ule msuli wa mbele wa paja unarefuka huku umekaza ili usianguke kifudifudi. Kazi hiyo haikutoi jasho, ndiyo maana mlikuwa mnacheka. Ila nyuzi za msuli zinapata vijeraha vidogo vidogo, na maumivu yake hayaji siku hiyo. Hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, ukiwa ofisini, mbele ya ngazi.

Habari njema ni kwamba msuli una kumbukumbu. Ukiuumiza kidogo kwa mteremko, ukauacha upone, mara ya pili hauumii hivyo tena, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Hata dozi ndogo inatosha kuianzisha. Kwa hiyo ile safari yenu ya kucheka haikupotea bure; ilikuwa chanjo, tatizo mlichoma sindano ya farasi.

Unasema Dar hakuna milima. Milima hakuna, miteremko ipo. Chuo Kikuu hakikuitwa Mlimani kwa utani. Tafuta pale, au Makongo Juu, au Goba, kipande cha mteremko chenye mita 300 hivi ambacho magari hayasumbui. Pasha mwili dakika 20, kisha panda kwa kutembea haraka, shuka kwa kukimbia. Mara nne tu wiki ya kwanza, hata ukijisikia una nguvu za mara kumi. Wiki ya pili tano au sita. Ongeza hivyo hivyo mpaka mara kumi, siku moja kwa wiki, na kesho yake usifanye zaidi ya kutembea au kukimbia taratibu. Ikifika wiki ya tatu, Jumamosi moja nendeni Pugu na Kisarawe, mle kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, mkanyage mchanga, mizizi na mawe. Lami inafundisha paja; haifundishi kifundo cha mguu.

Nyumbani nako pana kazi, jioni mbili kwa wiki. Simama juu ya ngazi moja, au tofali imara. Shusha mguu mmoja chini polepole ukihesabu moja mpaka nne, gusa sakafu kwa kisigino, rudi juu. Nane kila mguu, mara tatu. Goti lielekee kwenye vidole, lisitumbukie ndani. Watoto watakucheka, waache wacheke.

Jambo moja la afya nilitaje hapa kabla sijasahau, maana nimeliona zaidi ya mara moja. Watu wengi wa mbio humeza diclofenac au ibuprofen kabla ya kuanza, "ili mapaja yasisumbue". Usifanye hivyo. Mwili uliopungukiwa maji, msuli unaovunjika, na dawa hizo juu yake, vyote vinaangukia figo. Na baada ya mteremko mrefu, ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawa au soda nyeusi, mapaja yamevimba na maumivu si ya kawaida, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, useme umetoka kukimbia mlimani.

Sasa namna ya kushuka. Kosa la watu wa lami ni kurefusha hatua na kuegemea nyuma, kama mtu anayeburutwa na ng'ombe. Ukiegemea nyuma unatua kwa kisigino mbele ya mwili, kila hatua inakuwa breki, na breki ndiyo hiyo ndoo ya kisimani. Fupisha hatua, ziwe nyingi na nyepesi, mguu utue chini ya kiuno. Mikono iachie iende pembeni kama kuku anayeruka ukuta; haipendezi kwenye picha lakini inakushika. Macho yasiangalie vidole vyako, yaangalie hatua tatu nne mbele, kwa sababu jiwe ulilofika kwake huwezi kulifanya lolote tena. Na pale unapoona mguu umeanza kusita wenyewe, tembea. Mteremko wenye tope jekundu la Uluguru baada ya mvua hauna bingwa.

Kupanda nako, nitakuambia nilikojifunza mimi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Barabara ya Boma alfajiri nikikimbia, najiona. Pale njia inapoanza kusimama nikampita mama mmoja wa Kiluguru, kashauza mzigo wake mjini, anarudi kwake na tenga tupu juu ya ngata, ndani yake kafungasha mafuta ya taa na sabuni. Nikamsalimu, akaitikia bila kugeuza shingo. Dakika kumi baadaye nimeinama, mikono magotini, nahema kama mfua vyuma. Akanipita. Hakuharakisha, hakupunguza, hatua yake ile ile, fupi, mguu mzima umekanyaga chini, kanga imefungwa vizuri. Nikaona aibu, nikakimbia tena, nikampita. Akanikuta tena nimesimama kwenye kona ya juu. Safari hii akasema, "Pole, mwanangu," na akaendelea. Sikumwona tena mpaka nilipofika juu, ambapo nilimkuta keshaketi kibarazani kwa watu, anakunywa maji.

Yule mama ndiye kocha wangu wa kwanza wa kupanda. Mwinuko ukishakuwa mkali, kukimbia hakukufikishi mapema. Unaruka juu na chini, nguvu zinaishia hewani. Kutembea kwa nguvu, umeinama kidogo kutoka kwenye kiuno na si mgongoni, viganja vinasukuma mapaja, kunakupa mwendo ule ule kwa gharama ndogo. Usidhani ni unyonge. Kilian Jornet, Mhispania ambaye mwaka 2024 alishinda Sierre-Zinal ya Uswisi, kilomita 31 zenye kupanda mita 2,200 hivi, kwa saa 2, dakika 25 na sekunde 34, ana picha lukuki ameshika mapaja anatembea. Kwenye kupanda tu, bila kushuka, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023 ni Mkenya, Patrick Kipngeno, na huyo kweli anakimbia mahali ambapo mimi na wewe tungetambaa. Lakini yeye anapanda kwa muda usiofika saa moja, na ndiyo kazi yake. Wewe una muda mrefu mbele yako. Kipimo chako kiwe maneno: kama huwezi kumwambia mwenzio sentensi nzima bila kukatika, umeshaenda kasi kuliko unavyopaswa, tembea.

Muda mrefu kiasi gani? Hapa ndipo watu wa nusu marathoni hujidanganya. Wanachukua kilomita 30, wanazidisha kwa mwendo wao wa lami, wanawaambia ndugu zao wawapokee baada ya saa tatu hivi. Watu wa milima hutumia hesabu nyingine: kila mita 100 za kupanda ihesabu kama kilomita moja ya ziada. Mita 1,500 ni kilomita 15. Kwa hiyo mbio zenu ni kama kilomita 45, na njia yenyewe si lami. Kwa uwezo ulionieleza, nakuona unamaliza kati ya saa tano na saa sita za mwendo. Ukiliweka hilo kichwani mapema, hutavunjika moyo pale saa yako ya mkononi itakapokuonyesha kilomita moja imekula dakika 17. Kilomita za mlimani ni kama shilingi za nchi mbalimbali: zote zinaitwa shilingi.

Ndiyo maana kwenye mazoezi marefu sitaki unihesabie kilomita. Nihesabie dakika na mita za kupanda.

Wiki zako kumi zipange hivi, lakini usizikariri kama msahafu. Wiki tatu za kwanza endelea na mbio zenu za kawaida, mara tatu, ila siku moja igeuzwe kuwa ya mteremko kama nilivyosema. Mbio ndefu ya Jumapili ianzie saa moja na nusu ya mwendo, mwinuko wowote mnaoupata. Wiki ya nne, rudini Morogoro. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria Juni 2024, Morogoro imekuwa jirani yenu; mkishuka stesheni ya Kihonda, bajaji inawafikisha chini ya mlima. Mji uko kama mita 500 juu ya bahari, Morningside na lile jengo lake la enzi za Wajerumani liko kama mita 1,300. Pandeni kwa kutembea tu, hata wale wawili wenye kasi. Shukeni kwa kukimbia nusu ya nguvu. Siku ya pili mtajua chanjo imeshika au haijashika, na naweka dau imeshika.

Wiki ya saba ndiyo wiki ya mtihani. Njooni tena, safari hii mvuke Morningside, mpite mashamba ya mboga, muingie msituni mpaka Bondwa, kwenye minara ya mawasiliano. Kilele hicho kiko zaidi ya mita 2,100, maana yake kutoka mjini mmepanda kama mita 1,600: mlima mmoja huo una kupanda kote kwa mbio zenu na chenji inabaki. Msitu ule ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo kuna kibali cha kulipia na mwongozaji wa kwenda naye. Shughulikieni hilo siku moja kabla, msije mkaanza kubishana alfajiri. Hapo mtavaa kila kitu mtakachovaa siku ya mbio, mtakula mtakachokula, na mtaona nani anachubuka wapi. Wiki ya nane mteremko wa mwisho wa nguvu, Pugu panatosha. Wiki ya tisa na ya kumi mazoezi yapungue mpaka nusu, halafu chini ya nusu. Hapo utajihisi mzito, mvivu, na utatamani kwenda kujipima. Usiende. Mkaa hauwaki kwa kupekuliwapekuliwa.

Swali lako la kikundi ndilo lililonifanya nikae chini kuandika, maana hayo ya mapaja ningeweza kukujibu kwa mistari mitano.

Huyo aliyesema anayetaka matokeo akimbie peke yake, mwambie nimesema amekosea, na mimi niliwahi kuwa yeye. Miaka hiyo tulikuwa wanne, na mimi ndiye niliyekuwa na miguu. Siku moja tukishuka, nikaachia. Raha tupu. Nilipofika chini nikanunua miwa, nikakaa. Wa pili akaja, wa tatu akaja. Wa nne hakuja. Saa nzima. Tukarudi juu tukiita mpaka sauti zikakauka. Kumbe alifika kwenye njia panda, hakuona mtu mbele wala nyuma, akafuata njia iliyoonekana pana, nayo ikamteremsha upande mwingine kabisa wa mlima. Tulimkuta jioni, kakaa jikoni kwa familia moja, kavaa sweta ya mwenye nyumba, anatafuna mahindi ya kuchemsha na mguu umeteguka. Hakunisemesha. Mwenye nyumba ndiye aliyenisemesha, mzee wa makamo, na maneno aliyoniambia yalikuwa ya upole mno kiasi kwamba nayakumbuka mpaka leo: aliniuliza kama nilihesabu wenzangu nilipofika chini.

Tangu siku hiyo nina sheria moja isiyo na msamaha: hakuna anayevuka njia panda mpaka wa mwisho aonekane. Wa mbele ana haki ya kwenda mbio atakavyo kati ya njia panda na njia panda. Akifika, anasimama, anakunywa maji, anapiga picha, anaimba kama anataka. Wa mwisho akifika, naye apumzike kwanza. Si haki mtu aliyechoka zaidi ndiye apumzike kidogo zaidi, akifika tu mnaondoka. Na wa nyuma kabisa awe mtu aliyepangwa, mfunga msafara, kwa zamu. Mpangieni mwenye kasi azibe nyuma mara moja kwa mwezi. Atajifunza kutembea mlima vizuri kuliko nilivyoweza kumfundisha, na atasikia habari za nyumbani kwa watu ambazo huko mbele hazifiki.

Mazoezi makali nayo yanaweza kufanywa kwa pamoja bila mtu kuachwa, ukijua hila ya filimbi. Mnaanza wote chini ya kilima. Filimbi ikilia mnapanda, kila mmoja kwa nguvu zake, dakika tatu. Ikilia tena, kila mtu anageuka pale pale alipo na kushuka. Mwenye kasi kafika juu zaidi, ana safari ndefu zaidi ya kurudi. Wa polepole kafika chini kidogo. Mnakutana chini karibu wakati mmoja. Wote mmefanya kazi sawa, na hakuna aliyeuona mgongo wa mwenzake ukitokomea. Rudieni mara sita. Nimeitumia kwa kikundi chenye kijana wa chuo na mama wa miaka hamsini na nane, na mama ndiye aliyekuwa anashika filimbi.

Na mara moja moja chezeni mbio za kufukuzana. Chukueni njia ya kilomita tano mnayoifahamu. Wa polepole anaondoka kwanza, anayemfuata baada ya dakika mbili, na kuendelea, wenye kasi wa mwisho kabisa, kwa hesabu kwamba mkienda sawa mtafika pamoja. Wa polepole anakimbia kama anafukuzwa na nyuki, kwa sababu kweli anafukuzwa. Mwenye kasi anagundua kumbe na yeye ana kikomo. Atakayefika wa mwisho analipa supu. Kwenye kikundi chetu kuna Mzaramo na Mnyamwezi, watani, na kila mara mmoja akishindwa mwingine anamwombolezea kwa sauti barabara nzima, "marehemu alikuwa mtu mzuri ila miguu ilimkataa". Wapita njia hudhani kuna msiba.

Siku za taratibu, ambazo ndizo nyingi, kimbieni pamoja kwa mwendo wa yule wa polepole. Wenye kasi watalalamika kwamba hawapati zoezi. Wanapata. Mtu wa mlimani anahitaji saa nyingi za mwendo rahisi miguuni mwake, na wenye kasi ndio wagonjwa wakubwa wa kukimbia siku rahisi kwa nguvu, halafu siku ngumu hawana kitu. Mnaokaa nyuma mnawatibu bila malipo. Kama bado mmoja anataka siku yake moja ya peke yake kwa wiki, mpeni, wala msinune. Nami pia naipenda siku yangu.

Mbio zenyewe ni jambo jingine. Siku ile kila mtu na mwendo wake, na mkubaliane mapema, ili asiwepo wa kusema aliachwa. Kama wawili wataamua kwenda pamoja mwanzo hadi mwisho, waseme tangu nyumbani. Ahadi za kilomita ya 20, mtu kaishiwa maji na kachoka, huvunja urafiki.

Viatu. Vya lami vitakufikisha kwenye njia kavu, ila kwenye utelezi vitakuaibisha. Tafuta vyenye meno chini, meno mafupi ya mpira; njumu za mpira wa miguu hapana, zitakuvunja kwenye miamba. Vipya vina bei, na wengi wetu tumevitoa Karume kwenye mitumba, si dhambi. Ila ukiokota kiatu pale, usikidanganyikie kwa rangi. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: ikirudi taratibu, kizima, ikiwa ngumu kama sabuni ya kufulia, kimekaa ghalani miaka, kitakuumiza goti. Kunja soli uangalie gundi kwenye ncha ya vidole, ndipo panapoachia kwanza. Na kiwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu ukishuka, vidole vinagonga ukuta. Kata kucha siku mbili kabla ya mbio. Dogo hilo, lakini nimewaona watu wakilia kwa sababu ya kucha.

Chakula usikikuze kuwa sayansi. Kwa mwendo wa saa tano utahitaji kitu cha wanga kila baada ya dakika 30 hivi, kuanzia mapema kabla njaa haijakuita, jumla gramu 30 mpaka 60 kwa saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama gramu 25. Tende, kipande cha kashata, kiazi kitamu kilichochemshwa na kutiwa chumvi, vyote vinafaa ikiwa tumbo lako limeshavijaribu wiki ya saba. Karanga ni nzuri lakini hukaa tumboni, waachie wanaotembea. Maji kunywa kwa kiu, usijilazimishe mpaka tumbo linabubujika. Maji mengi bila chumvi yanaweza kukuangusha kama kukosa maji. Pakiti moja ya ORS ya duka la dawa, kwenye lita moja kama ilivyoandikwa, inafanya kazi ile ile ya vinywaji vya bei kubwa. Beba pia koti jepesi la mvua, hata kama chini jua linawaka. Mtu wa Dar haamini baridi mpaka imshike mita 2,000 juu, jasho limelowesha fulana na ukungu umeingia.

Siku ya mbio, kilomita tano za kwanza kila mtu atakupita. Waache. Hao wanaokimbia mwinuko wa kwanza na kupungia kamera, utawakuta wamekaa juu ya mawe mmoja mmoja. Simon Mtuy wa Marangu alipanda na kushuka Kilimanjaro mwaka 2006 kwa zaidi kidogo ya saa tisa, akipanda kwa njia ya Umbwe na kushuka kwa njia ya Mweka, amebeba chakula na maji yake mwenyewe. Mlima wa namna ile haumalizwi kwa kuanza kwa fujo. Panda kama yule mama wa tenga. Kazi yako halisi inaanza kilele cha mwisho kikishapita, miguu imechoka na njia inaelekea chini, wakati wengine wote wanashika breki na wewe una wiki kumi za mteremko mapajani.

Mumeo aje, tena mtumie. Wiki ya nne mpandisheni naye Morningside taratibu, ni kutembea tu, aongozane na mfunga msafara wa siku hiyo. Wiki ya saba abaki pale pale Morningside na mabegi, nguo kavu na chupa ya chai ya tangawizi, awasubiri mkitoka Bondwa, awahesabu. Mkiwa saba na mwongozaji, mnywe chai. Mkiwa pungufu, asimpe mtu kikombe.